Ijue Ardhi ya Uani Kwako Kabla ya Kununua Jembe

Assalaam alaykum, mama zangu, baba zangu na ndugu zangu wa Makunduchi. Nimeombwa nizungumze juu ya zana za bustani ya nyumbani, na naona wengine mmekuja na majembe yenu kabisa. Vyema, tutayahitaji.

Mimi naanza na nondo. Kipande cha dhiraa mbili hukosi kukipata panapojengwa nyumba. Kabla hujatoa hata shilingi dukani, zunguka nacho uani, kichomeke mahali kumi, na kila mahali utazame kimezama kiasi gani. Mwenzetu wa Kizimbani, kwenye kinongo, yaani udongo wenye kina, atachomeka mpaka achoke yeye. Hapa kwetu uwandani, kwenye ardhi ya mawe, kitazama shibiri moja, usikie kak! Jiwe. Sogea hatua mbili, kinaweza kuzama mpaka kiwiko. Hapo pa kiwiko wekeni tungule (nyanya) na bilingani. Pa shibiri panatosha mchicha.

Tatizo letu ni kwamba tunanunua zana za watu wa kinongo. Lile jembe pana ni zuri mno kuinulia matuta ya muhogo, sina ugomvi nalo. Lakini udongo wetu umekaa katika vishimo baina ya mawe, na jembe pana kila ukilishusha linakula jiwe. Mtu wa maweni anataka mtaimbo wa kung'olea mawe, kijembe chembamba kinachoingia penye nafasi ya kiganja, na panga fupi la kupalilia. Basi. Na mawe mliyong'oa msiyatupe: yapangeni ukingo wa kitalu, mjaze udongo na samadi, kina mlichonyimwa chini mkipate juu.

Sasa dukani. Mimi mwenyewe nilinunua jembe lililopakwa rangi likang'aa, na siku ya tatu likapasuka kwenye tundu la mpini. Ufa ulikuwapo tangu mwanzo, rangi imeufunika. Niliumia, kwa sababu fedha ile nilikuwa nimeikusanya kidogo kidogo. Tangu siku hiyo silipi kabla sijasikia sauti. Lifunge jembe kamba kwenye tundu, lining'inize, uligonge kwa kijiwe. Chuma kizima kinalia na mlio unabaki. Chenye ufa kinatoa sauti fupi, kavu, kama kopo.

Mpini ndio wengi wetu hatuupi haki yake, na maumivu ya mgongo hutoka hapo. Nikitazama humu ndani, waliojaa ni akina mama, na mipini ninayoiona ni mifupi, mtu anafanya kazi amejikunja asubuhi nzima. Kwa kupalilia, usimamishe chini: ukufike kifuani. Mti wa mpera unafaa, ni mgumu na haupasuki ovyo, ila ukaushwe kivulini kwanza. Kwa jembe la tundu, uchongwe uwe mnene kichwani na mwembamba mkononi; upitishe ule upande mwembamba kutoka juu ya tundu, mpaka unene wa kichwa ukwame humo. Hivyo kila pigo linazidi kulikaza jembe, halichomoki likamrukia mtoto aliyesimama mbele. Naona mama mmoja pale ameloweka jembe lake katika ndoo. Mama yangu, leo litakaza, kwa sababu mti umevimba. Kesho ukikauka litalegea kuliko jana. Heri uchonge mpini upya.

Kumwagilia, dumu la lita 20 ni kilo 20 za maji, na hizo zote unazibeba kwa mkono mmoja. Chukua madumu mawili ya lita 5, toboa vifuniko kwa msumari uliopashwa moto, ubebe moja kila mkono. Mwili unakaa sawa, na maji yanashuka taratibu bila kulaza miche.

Kunoa: tumia tupa, upande mmoja tu wa makali. Isukume mbele, inyanyue, rudi. Tupa inakula ikienda mbele. Ukiisugua kwenda na kurudi unaiua yenyewe.

Na chumvi. Upepo wetu wa pwani una chumvi, na visima vingine maji yake yana chumvi pia, kwa hiyo kutu haitupi nafasi. Ukimaliza kazi kwangua udongo, futa chuma kikauke, kipake mafuta kidogo ya nazi, ukitundike. Wapo wanaopaka oili chafu ya gari. Nawaomba sana msifanye hivyo, kwani jembe lile lile ndilo linaloingia kwenye mchicha mnaowapikia watoto.

Nondo ninayo hapa. Mwenyeji wetu ametupa ruhusa ya ua wake, basi tutoke, tuanzie pale chini ya mpapai.