Siku moja, nyumba nzima: upele katika makao ya wazee

Ndugu zangu, hamjambo. Wakubwa zangu, shikamooni. Wengi wetu humu tunatunza wazee katika makao ya hapa Uingereza, na nimeombwa tuzungumze juu ya upele. Kwetu ugonjwa huu tulilelewa kuuonea haya, tukiambiwa ni wa mtu asiyeoga. Si kweli. Mdudu wake, ambaye hafiki hata nusu milimita, hajali sabuni. Jike huchimba ngozi ya juu na kutaga humo mayai mawili matatu kila siku. Anayeupata kwa mara ya kwanza hukaa wiki 4 hadi 6 bila kuwashwa, na muda wote huo anaambukiza.

Hapo ndipo tunaposhindwa. Kati ya 2014 na 2015, watafiti waliingia katika makao 10 ya kusini mashariki mwa England yaliyokuwa na mlipuko, wakapima wakazi 230. Waliogundulika na upele ni 61, na 31 kati yao hawakuwa wakilalamikia chochote. Wenye ugonjwa wa kusahau ndio walioupata zaidi. Mliokaa nao mnaelewa: hawezi kukwambia anawashwa. Atavuta mikono ya sweta, atahangaika usiku, na sisi tutaandika kwenye daftari kwamba hakulala vizuri.

Niwasimulie la bibi mmoja, katika nyumba niliyofanya kazi zamani. Vidole vyake vilikuwa na magamba mazito kama gome la mwembe, hadi chini ya kucha. Tuliambiwa ni ngozi kavu, basi kila asubuhi tulimpaka mafuta kwa mikono mitupu. Hakujikuna hata siku moja. Kumbe ulikuwa upele wa magamba. Upele wa kawaida una wadudu 10 au 15 mwilini. Huu una maelfu, pengine mamilioni. Daktari wa ngozi alipokuja kumkwangua ngozi ili aipime, nusu ya zamu yetu tulikuwa tukiwashwa mikono, na kila mmoja alikuwa amejinunulia dawa kimyakimya. Tuliogopa kuondolewa kwenye ratiba, maana asiyeingia kazini halipwi. Mficha maradhi, kilio humuumbua. Wazee walitibiwa, nasi tukawarudishia.

Kwa hiyo dawa ni siku moja kwa wote: wakazi, watunzaji wa mchana na wa usiku, wale wa wakala wanaokuja mara moja kwa wiki, na unayelala naye kitanda kimoja nyumbani, hata kama hawashwi. Krimu ya pemethrini ya asilimia 5 ipakwe mwili mzima. Kwa mzee panda hadi kichwani, nyuma ya masikio na usoni, ukiepuka macho na mdomo. Usisahau kitovu, chini ya matiti na nyayo. Kucha zikatwe, krimu isuguliwe chini yake kwa brashi laini. Ikae mwilini kwa muda wa saa 8 hadi 12. Kosa ninaloliona sana ni hili: mzee ananawa kabla ya kula, na hakuna anayempaka tena mikono. Mkinawisha, pakeni upya. Baada ya siku 7 mnarudia, kwa wote tena. Mwenye magamba atahitaji zaidi: vidonge vya ivamektini kwa maelekezo ya daktari, krimu mara kadhaa, na chumba chake peke yake mpaka apone.

Nguo na shuka zifuliwe kwa maji ya moto wa nyuzi 60. Zisizofulika, zifungeni kwenye mfuko kwa siku 3. Msimalize nguvu kupulizia dawa mazulia. Wakati wa Vita vya Pili vya Dunia, kule Sheffield, mtafiti Kenneth Mellanby aliwalaza watu waliojitolea katika blanketi za wagonjwa, na walioambukizwa walikuwa wachache mno. Upele hupita ngozi kwa ngozi, na kazi yetu ni kushika watu.

Muwasho unaweza kuendelea hata wiki 4 baada ya dawa. Msimpake mzee kila usiku kwa hofu. Mtaichoma ngozi yake.

Nanyi wasimamizi mlio humu, nawaomba kwa dhati: siku ya dawa mlipeni mtunzaji kama yuko kazini, na dawa yake na ya watu wa nyumbani kwake igharamiwe na makao. Mkifanya hivyo, atakayeanza kuwashwa atawaambia siku hiyohiyo.