Mashine Itazame Mwendo Kabla ya Maneno

Waheshimiwa wahadhiri, ndugu wanafunzi na wageni wetu,

Tarehe 21 Mei 2016, mjini Houston, makundi mawili yalisimama yakitazamana nje ya kituo cha Kiislamu, moja likipinga kile lililokiita kuenea kwa Uislamu katika jimbo la Texas, na jingine likiitetea dini hiyo. Waliofika walikuwa wananchi halisi, nao uchungu wao ulikuwa wa kweli. Lakini kurasa mbili za Facebook zilizowaita, ya upande huu na ya upande ule, ziliendeshwa na kampuni moja ya kueneza propaganda mtandaoni, Internet Research Agency ya Saint Petersburg, Urusi.

Kisa hiki kinafichua kosa tunalolifanya tunapoifunza mashine kutambua propaganda. Kawaida tunakusanya maandishi yaliyokwisha kutiwa alama kuwa ni propaganda, tunayachanganya na ya kawaida, kisha tunaiachia programu itafute maneno yanayoyatenganisha. Waenezi wale, hata hivyo, waliazima lugha ya wananchi wenyewe, kwa hiyo mashine ya namna hiyo itamshuku Mwislamu anayeitetea imani yake kwa dhati, na kumtia hatiani kwa sababu tu mwongo alimwiga.

Kinachowaumbua waenezi zaidi ni mwendo wao. Oktoba 2018, Twitter ilipotoa hadharani kumbukumbu za akaunti 3,841 zilizohusishwa na kampuni hiyo, watafiti wengi waliweza kuchunguza ni akaunti zipi zilifunguliwa kwa pamoja, zipi zilisambaza ujumbe uleule karibu kwa wakati mmoja, na zipi ziliamka na kulala kwa kufuata saa za mji ulio mbali na ule zilikodai kuishi.

Hata hapo, naomba tufanye hesabu pamoja. Tuseme katika akaunti 1,000,000 zimo 1,000 za waenezi, nasi tuna mashine inayopatia mara 99 katika kila 100, iwe inapima akaunti ya mwenezi au ya raia. Itawanasa waenezi 990, na pamoja nao itawanasa watu 9,990 wasio na hatia yoyote. Mashine hiyo ikipewa ruhusa ya kufunga akaunti yenyewe, kila mwenezi mmoja atanyamazishwa pamoja na raia kama kumi, na hilo mimi siwezi kuliita ulinzi wa mjadala wa umma. Kazi yake iwe kumletea mkaguzi akaunti zinazotiliwa shaka, pamoja na ushahidi wa mwendo wake, na mkaguzi huyo awe mtu aliyekulia katika lugha inayokaguliwa, anayeweza kutofautisha fumbo na tishio.