Ada Imelipwa, Yaliyobaki Analipa Nani?

Mabibi na mabwana, asanteni kwa kufika. Leo nitazungumzia hesabu za ufadhili wa masomo. Wanawake wengi walioupata hukwama nje ya darasa, pale fedha na muda vinapogongana na mambo ya nyumbani.

Barua ikisema ufadhili ni kamili, msifurahi kabla ya kuangalia unalipa nini, lini, kwa muda gani na kwa masharti gani. Ada kwa kawaida huenda moja kwa moja chuoni, hapo hakuna tabu. Tabu iko kwenye posho ya kujikimu. Andikeni miezi yote ya masomo, na mbele ya kila mwezi muweke kinachoingia na kinachotoka. Posho ikilipwa miezi 10 kwa mwaka kwa miaka 3, mna miezi 6 mitupu. Uzamivu (PhD) uliofadhiliwa miaka 3 mara nyingi huingia mwaka wa 4, na huo ndio wa kumalizia tasnifu, wakati mgumu kabisa wa kutafuta kibarua.

Awamu ya kwanza ya posho nayo hupenda kuchelewa. Kwa wanawake, sababu mojawapo ni jina: cheti cha shule kina la baba, kitambulisho kina la mume, benki ina la tatu. Malipo yanarudishwa, mwanafunzi anabaki kupiga simu. Oanisheni majina kabla ya kukubali ufadhili, si baadaye.

Sasa familia. Posho nyingi zimepigiwa hesabu ya mtu mmoja, kana kwamba hana anayemtegemea. Kama mama alikuwa na mshahara, posho ikiwa ndogo kuliko mshahara huo, nyumba nzima imepungukiwa kwa miaka yote ya masomo. Nani atamchukua mtoto shuleni? Nani atakaa na mgonjwa? Kazi hizo hazifutiki kwa sababu mtu amepata nafasi chuoni, kwa hiyo zigawanywe kwa majina na siku kabla muhula haujafunguliwa. Na ndugu wakisikia "amepata ufadhili" hudhani zimeingia fedha za ukoo. Waonyesheni ile karatasi ya miezi. Kama hakuna cha kutuma nyumbani, semeni mapema kwamba hakuna.

Wakati mwingine familia yenyewe ndiyo mfadhili wa kwanza. Maria Skłodowska, mwanasayansi aliyejulikana baadaye kama Marie Curie, alifanya kazi ya kufundisha watoto majumbani ili dada yake Bronia asome udaktari Paris, kwa makubaliano kwamba zamu ya Maria ya kusoma itafika. Ilifika mwaka 1891. Mwaka 1893 alipata ufadhili wa rubli 600, akaweza kuendelea na hisabati, na alipoanza kulipwa kwa utafiti alizirudisha fedha zote ingawa hakudaiwa. (Sishauri mfanye hivyo kama mna watoto wa kulisha.)

Faida kubwa ya ufadhili, kwa maoni yangu, ni kukwepa deni. Mwenye mkopo akisimama kazi ili alee, riba mara nyingi haisimami naye. Halafu, pale fedha za nyumba zinapomtosha mtoto mmoja tu kusoma, ufadhili wa binti huwaondolea wazazi uamuzi ambao mara nyingi humwangukia yeye vibaya.

Ulizeni pia habari ya ujauzito, hata kama hamna mpango. Wafadhili wengine huruhusu kuahirisha muhula lakini hukata posho. Wengine huisimamisha kisha huiendeleza. Kupunguza somo moja tu kunaweza kukuhamisha kutoka masomo ya muda wote, na sharti likavunjika. Jibu la mdomo halitoshi, lipatikane kwa maandishi.

Mwisho ni mkataba wa kurudi kutumikia, yaani ahadi ya kurudi kufanya kazi baada ya masomo. Mkataba huo ukiwa na kipengele cha mdhamini, mara nyingi anayetia saini ni baba, mume au kaka, na mwanafunzi asipotimiza masharti, mdhamini huyo ndiye anayeweza kudaiwa. Kwa hiyo asomewe kila ukurasa, aambiwe kiasi anachoweza kudaiwa, na abaki na nakala yake.