Jino Linapopata Pigo: Majeraha ya Meno kwa Watu Wazima

Ndugu wasikilizaji, asanteni kwa kufika.

Mtu mzima akigonga mdomo, jambo la kwanza ni kukimbilia kioo. Akiona kipande kimekatika, anamtafuta daktari wa meno siku hiyohiyo. Akiona meno yote yapo, anashukuru Mungu, anasukutua damu na kurudi kazini. Huyo wa pili ndiye anayenitia wasiwasi zaidi, na nitawaeleza kwa nini.

Visababishi vingi mnavijua: kuanguka, ajali za barabarani, michezo ya kugongana, ngumi. Pombe huchangia katika karibu vyote hivyo. Mwenye kifafa anaweza kuvunja meno wakati wa degedege. Wengine hufanya meno kuwa koleo, wanafungulia chupa na kubania misumari. Hata hospitalini, mgonjwa anapowekewa mpira wa kupumulia kabla ya upasuaji, chombo cha chuma kinachofungua njia ya koo kinaweza kuyaegemea meno ya juu yakalegea au kumeguka.

Halafu kuna kipigo cha nyumbani. Mama anakuja na jino lililolegea na mdomo uliopasuka ndani, anasema ameteleza. Huenda kweli ameteleza. Lakini akiwa pia na michubuko iliyoanza kubadilika rangi, ya siku tofauti, tabibu ana wajibu wa kumuuliza kwa upole, wakiwa wawili tu, aliyemsindikiza akiwa nje. Kuziba jino na kunyamaza ni kumrudisha kulekule alikoumizwa.

Meno yanayoumia zaidi ni yale mawili ya katikati, juu, hasa kwa mtu ambaye meno yake yametokeza mbele.

Kuvunjika kuna viwango. Ufa au kumeguka kwa ganda gumu la nje ni jambo dogo. Ukifika tabaka la pili, dentini, maji baridi yatakushtua. Ukiona doa jekundu katikati ya mvunjiko, kiini chenye mishipa kiko wazi, na hapo si pa kungoja wiki ijayo. Mzizi nao unaweza kuvunjika ndani ya ufizi huku jino likionekana zima. Hilo huonyeshwa na picha ya eksirei. Na kipande kisipopatikana, kitafutwe: mara nyingine kimezama ndani ya mdomo uliochanika, na mdomo ukishonwa kikiwa humo huvimba na kuoza. Kama kuna shaka kwamba kimevutwa na pumzi, kifua kipigwe picha.

Sasa turudi kwa yule mwenye meno yote. Mzizi umeshikwa kwenye mfupa kwa nyuzi laini, na mshipa wa damu huingia jino kupitia tundu dogo kwenye ncha ya mzizi. Pigo linaweza kuziumiza nyuzi hizo bila jino kusogea. Jino linauma tu likiguswa. Pigo pia linaweza kulilegeza jino, kulivuta nje kidogo, kulisukuma upande, au kulididimiza ndani ya mfupa. Jino lililodidimia halichezi hata kidogo, nalo likigongwa taratibu kwa mpini wa chombo hutoa mlio mkali kama wa chuma. Mgonjwa hudhani limekaza vizuri, kumbe ndilo lililoumia vibaya kuliko yote: nyuzi zimepondwa na mshipa umekatika.

Likitoka zima, dakika ndizo zinazoamua. Lishike sehemu ya kutafunia, usiguse mzizi wala kuusugua. Kama ni chafu, lisuuze haraka kwa maziwa au mate yako, lirudishe kwenye tundu lake, ng'ata kitambaa, nenda kwa daktari. Ukishindwa kulirudisha, liweke kwenye maziwa. Likikaa kavu saa 1, chembe hai za kwenye mzizi karibu zote zimekufa. Daktari atalifunga na majirani zake kwa waya mwembamba kwa takriban wiki 2, na kwa mtu mzima kiini husafishwa ndani ya muda huohuo.

Jino ambalo halikutoka lina subira yake. Baada ya pigo linaweza kutohisi baridi hata kwa miezi 3 na bado likawa hai, kwa hiyo daktari asiharakishe kulitoboa. Lakini lingine hufa kimyakimya: linageuka kijivu, au mwili unaanza kuula mzizi bila maumivu. Ndiyo maana tunawaita tena baada ya wiki chache, kisha miezi, kisha kila mwaka. Njooni hata kama haliumi.