Jinsi ya kutafuta habari za samaki, ndege na miti ya kwetu Pwani kwa simu: anza na jina la Kilatini

Assalam aleikum jamaa zangu, karibuni. Leo niko hapa ufukweni Malindi, vyombo ndo vyaingia saa hii, na huyu mwamuona mkononi ni tafi, ami yangu amenipa sasa hivi, bado yuko freshi kabisa.

Video hii naifanya kwa sababu ya mdogo wangu. Alipewa kazi ya bayolojia, achague kiumbe cha baharini aandike yuwala nini na yuwazaa vipi, akachagua tafi maana ndo yuwamjua tangu utotoni. Akaandika "tafi" kwa Google, akaletewa mji huko Argentina, samaki hata mmoja hakuna, akaja kwangu karibu kulia ati samaki wetu hawajaandikwa. Nikamwambia wameandikwa, na wameandikwa sana, ila wameandikwa kwa jina la Kilatini, lile wanasayansi wanalolitumia dunia nzima, ukilipata hilo milango yote yafunguka. Kwa hivo leo kazi yetu kubwa ni hiyo, kulipata hilo jina, mengine yatafuata yenyewe.

Haya, hatua ya kwanza ni picha, na picha yataka utulivu. Mlaze samaki ubavu, mmwagie maji kidogo ang'ae, fungua mapezi ya mgongoni yaonekane, weka sarafu kando watu wajue ukubwa wake, na usimame jua likiwa nyuma yako. Tafi mshike taratibu jamani, ile miiba yake ina sumu, mvuvi yeyote hapa atakuonyesha kidole kilichowahi kudungwa. Kama ni mti, jani moja halitoshi, piga jani juu na chini, ua, tunda na mizizi. Mkoko mizizi yake imejipinda kama miguu ya buibui, mchu mizizi yake yachomoza kwenye tope kama penseli, sasa ukipiga majani peke yake nani atakutofautishia?

Hatua ya pili, muulize mvuvi jina kabla ya kuiuliza simu. Ukishalipata fungua FishBase, ni tovuti ya habari za samaki, kuna kisanduku cha kutafutia kwa jina la kawaida, andika tafi. Usishtuke yakija majina mengi, maana tafi kwa wavuvi ni ukoo mzima, wewe fungua mojamoja ulinganishe na picha yako. Huyu wangu ni Siganus sutor, ona hapa kwenye skrini, na pembeni ya jina kuna Valenciennes na mwaka 1835, huyo ni Mfaransa aliyemuandika kwanza kwa kisayansi, ina maana samaki wetu yuko kwenye vitabu karibu miaka 190 na sisi twadhani hajulikani! Ukishuka chini utaona yuwala nini, yuwafika ukubwa gani, yuwaishi wapi. Pia ukivuka mpaka ukaenda Tanzania watu watamwita tasi, lakini Siganus sutor ni huyohuyo, na hiyo ndo faida ya jina hili. Kuna pia kitabu cha FAO, lile shirika la chakula la Umoja wa Mataifa, cha mwaka 2012 cha kutambua viumbe wa bahari ya Kenya, PDF ya bure yenye michoro, kidaunlodi siku una waifai kisha ukae nacho hata bila bando.

Na kama jina halijulikani kabisa, hata wazee wamekwama? Hapo ndo iNaturalist, programu ya kutambua viumbe kwa picha. Fungua akaunti, weka picha yako, tarehe na mahali, programu itakupa makisio, lakini hayo ni makisio tu usiyaandike kwa mtihani. Subiri watu wengine waangalie, wakikubaliana zaidi ya theluthi mbili kuhusu spishi ndo rekodi yako yapanda daraja la kutumika kwa utafiti. Mtoto asiye na akaunti atumie programu ya Seek, ni ya watu haohao.

Sasa twende GBIF, hapa ndo mimi huweza kukaa usiku mzima. Ofisi yao iko Copenhagen, kazi yao ni kukusanya rekodi za viumbe kutoka makumbusho na programu kama hiyo iNaturalist, dunia nzima, bure. Weka jina la Kilatini, chuja nchi iwe Kenya, utapata ramani yenye vidoti, na kila kidoti ukikibonyeza wapata aliyeonekana ni nani, lini na nani alirekodi. Jaribu jina hili, Latimeria chalumnae. Huyu ni samaki ambaye wanasayansi walidhani ameisha pamoja na dainosa, mpaka 1938 akapatikana Afrika Kusini, na 2001 akanaswa kwenye wavu wa trola hapa hapa kwetu, bahari ya Malindi! Nilipolisoma hilo mara ya kwanza nilitoka nje nikaiangalia bahari upya wallahi.

Ukitaka kuzama zaidi nenda Google Scholar, ile Google ya makala za utafiti, andika jina la Kilatini ndani ya alama za kunukuu kisha uongeze Kenya. Utaona utafiti wa dema, ile mitego ya samaki, wa mazalio, na PDF zikiwa za bure huwa zimewekwa upande wa kulia. AJOL pia ni nzuri, huko ni majarida ya Afrika. Yale majibu yanayoandikwa na mashine juu kabisa ya Google yapite, nenda kwa chanzo chenyewe.

Wa ndege, kuna programu ya Merlin kwa kuwatambua na tovuti ya xeno-canto kwa kusikiliza sauti, hasa mkienda msitu wa Arabuko-Sokoke usiku, yule bundi mdogo wa Sokoke utamsikia mara kumi kabla hujamuona.

Jambo moja nawaomba kwa moyo wote, ukiona kiota cha kasa usiposti lokesheni Facebook wala WhatsApp. Ng'amba, mmoja wa hao kasa, yuko kwenye hatari kubwa kabisa ya kutoweka, na iNaturalist yenyewe huficha mahali halisi pa viumbe kama hao, sasa sisi tuwe wa kwanza kupatangaza?

Mwisho chukua daftari, chora sehemu tatu: jina la kwetu, jina la Kilatini, ulimuona wapi na lini. Mdogo wangu ameanza lake, tafi alimaliza siku moja, saa hii amekwama kwa changu, maana changu wa ami ni samaki kadhaa tofauti wenye jina moja, kwa hivo kesho alfajiri twarudi hapa na sarafu yetu na maji ya kummwagia, tuanze na picha.