Star of Scotland: Kutoka Kamari Hadi Mizinga

BAKARI: Karibuni tena barazani. Leo nina chombo, Mwanaisha, ambacho ukisikia historia yake utasema nimetunga.

MWANAISHA: Wewe na vyombo vyako. Haya, tweka tanga.

BAKARI: Kiliundwa Port Glasgow, Uskoti, mwaka 1887, kwa jina la Kenilworth. Milingoti minne. Baadaye Wamarekani wakakinunua, wakakiita Star of Scotland, kikatumika kwenye biashara ya samaki wa samoni wa Alaska.

MWANAISHA: Si ndicho kiliwahi kuwa kasino?

BAKARI: Usinikimbize! Ila ndiyo. Mwaka 1938 kilitia nanga nje ya Santa Monica, California, jina Rex. Maili zaidi ya tatu kutoka pwani, ili sheria ya jimbo isikifikie. Mwaka 1939 polisi walipokuja, waliokuwamo wakawarushia maji kwa mipira ya zimamoto.

MWANAISHA: Jamani! Sasa kasino iliingiaje Vita vya Pili vya Dunia?

BAKARI: Meli ziliadimika. Mwaka 1941 wakakifufua, kikawa skuna ya milingoti sita.

MWANAISHA: Tueleze sisi wa majahazi.

BAKARI: Jahazi lina foromali, ule mti mrefu unaobeba tanga. Kuligeuza upande wa pili kunataka watu wengi na kelele nyingi. Tanga la skuna limeshikwa na mlingoti wenyewe, unalipandisha ukiwa sitahani. Ndiyo maana milingoti sita, watu 17 tu.

MWANAISHA: Kumi na saba! Babu yangu alihitaji karibu idadi hiyo kwa jahazi moja la boriti.

BAKARI: Mwaka 1942 kilipeleka mbao Cape Town, kikaondoka na farumi tu, ule uzito wa kukituliza chombo kisicho na shehena, kuelekea Brazili. Tarehe 13 Novemba ikaibuka nyambizi ya Kijerumani, U-159. Haikutumia torpedo, lile kombora linalopita chini ya maji. Torpedo ni ghali, na chombo cha matanga kitakimbilia wapi? Ikakimiminia mizinga. Baharia mmoja alizama, 16 wakabaki.

MWANAISHA: Na nahodha?

BAKARI: Hapo sasa. Kamanda Helmut Witte alitaka kumchukua mateka Nahodha Constantin Flink. Flink akamweleza kwamba ni yeye peke yake anayejua kuongoza chombo baharini. Akiondolewa, wale wengine hawafiki popote. Witte akamwachia.

MWANAISHA: Kirahisi hivyo?

BAKARI: Si kirahisi. Miezi miwili kabla, Dönitz, mkuu wa nyambizi za Kijerumani, alikuwa amewakataza makamanda kuwasaidia manusura. Ila manahodha wachukuliwe, hilo agizo lilibaki palepale.

MWANAISHA: Kwa hiyo alikaidi.

BAKARI: Alikaidi. Flink akashika njia ya Angola kwa mashua moja. Siku 18, maili zaidi ya 1,000, mpaka wakauona mnara wa taa wa Santa Maria.

MWANAISHA: Wangapi?

BAKARI: Wote 16.

MWANAISHA: Na yule Witte?

BAKARI: U-159 ilizamishwa Karibi Julai 1943, hakupona mtu. Lakini Witte alikuwa ameshaikabidhi kwa kamanda mwingine.