Kabla hatujazungumzia sheria ya kufa, mgonjwa amepata dawa ya maumivu?

Asalaam aleikum wazee wangu, mama zangu, na nyinyi vijana mliosimama huko nyuma. Nimeombwa nizungumzie hili la daktari kumsaidia mgonjwa kufa, na najua hapa Lamu wengi mshakata shauri kabla sijafungua mdomo, lakini tuangalie kwanza walioiruhusu wamejiwekea vizuizi gani.

Oregon kule Marekani sheria yao inatumika tangu 1997. Mgonjwa awe mtu mzima, akili timamu, madaktari wawili wakubaliane hataishi zaidi ya miezi 6, aombe kwa mdomo mara mbili, tena aandike mbele ya mashahidi wawili. Hapo kwa mashahidi nisikizeni vizuri, maana angalau mmoja asiwe jamaa yake, wala wa kumrithi, wala mfanyakazi wa hospitali anakotibiwa. Mnaona walichoogopa? Nyinyi mnajua nyumba ya urithi inavyogombanisha ndugu, mzee yuko kitandani anasikia kila kitu, anaanza kujiona mzigo, siku akisema "nimechoka, bora nife", maneno hayo ni yake ama ya wale ndugu waliokaa dakani, pale mlangoni? Sahihi kwenye karatasi haiwezi kukwambia.

Kwetu Kenya, kifungu cha 225 cha sheria ya jinai, ukimsaidia mtu kujiua unaweza kufungwa maisha. Lakini msichanganye, kukataa matibabu ni haki ya mgonjwa, iko kwenye Sheria ya Afya ya 2017, akisema hataki kemo tena, zile dawa kali za kansa, na daktari akamheshimu, hakuna aliyeua. Nawaambia hili kwa sababu naona familia zinajilaumu miaka kwa kumrudisha mtu wao nyumbani.

Mimi ni nesi, na kinachonigusa zaidi kwa ile sheria ya Oregon ni kwamba daktari lazima amweleze mgonjwa njia nyingine, ikiwemo kutulizwa maumivu. Hapa mgonjwa wa kansa akikosa dawa anapanda boti mpaka Mokowe, halafu basi mpaka Mombasa, kila shimo la barabara analisikia mfupani, afuate chupa ya mofini ya maji, dawa ya maumivu makali. Na mofini si sumu jamani, ikipimwa sawasawa, kila baada ya saa nne, mtu anakaa, anakunywa uji, anaongea na wajukuu. Kwa hivyo mgonjwa akiniambia anataka kufa, namuuliza kwanza, jana usiku ulilala?

Sheria kama hiyo siitaki kwetu wakati dawa ya maumivu bado ni safari ya kutwa nzima. Tuidai kaunti, kila zahanati ya visiwani iwe nayo na nesi anayejua kuipima. Haya, maswali, tuanze na mama zetu upande huu.